Subira ya Nani?

Mama wa mtaa wa Buyenzi, Burundi, mwenye mtoto wa miezi minne aliyeshikwa na ukurutu, ile pumu ya ngozi, hakosi washauri. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana: mashavu hukwajuka yakawa ya kijivu, vipele vidogo hujaa, kisha ngozi hupasuka na kutoa maji, na mtoto hukesha akisugua uso kwenye bega la anayembeba. Huyu atamwambia mama apake mawese, yule afunge hirizi, na karibu wote watamalizia kwa kumtaka awe na subira. Lakini subira hiyo inadaiwa kwa nani hasa?

Kwa mtoto haidaiwi. Subira ni tendo la mwenye hiari, anayejua kuwa anaumia, anayeweza kunung'unika naye akachagua kunyamaza. Mtoto mchanga hana hata kimoja katika hivyo. Fikihi inafundisha kuwa kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe, hadaiwi sala wala funga. Asiyedaiwa rakaa mbili atadaiwaje usiku mzima wa kujikuna? Wakristo nao swali hili liliwasumbua zamani. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimwandikia msomi mwenzake Jerome mwaka 415 akikiri kwamba mateso ya watoto wachanga yanamkwamisha. Hoja yake ya dhambi ya asili hainishawishi, ila kukiri kwake nakuheshimu kuliko haraka ya wanaosema ni mapenzi ya Mungu wakaenda zao.

Atasema mtu kwamba anayejaribiwa ni mzazi. Nakubali, lakini basi kinachopimwa ni kile anachofanya mzazi, na hapo subira hugeuka kazi ya mikono: kumwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu dakika chache, bila sabuni ya manukato wala ya kufulia, kumkausha kwa kitambaa laini pasipo kumsugua, kumpaka vaselini ngozi ingali na unyevu, kurudia jioni, na kesho yake, miezi kwa miezi. Na kucha zikatwe, na ile kofia ya sufu, ambayo joto la kando ya Ziwa Tanganyika haliihitaji, ivuliwe. Ayubu mwenyewe, anayetajwa kila subira inapotajwa, katika Biblia anajikuna kwa kigae, na katika Qur'ani anaamriwa apige ardhi kwa mguu apate maji baridi ya kuogea na kunywa. Hakuna aliyemwambia kwamba kutafuta nafuu kunampunguzia daraja.

Wengine husema ukurutu huisha wenyewe. Ni kweli, watoto wengi hupata nafuu wanapokua. Ila ngozi iliyochubuka inawaachia vijidudu mlango wazi leo, si miaka mitano ijayo. Hirizi nayo, tukiacha hukumu yake kwa masheikh, ni uzi unaosugua shingo iliyolowa. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa Dundee, Uskoti, walionyesha kuwa kasoro katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia ngozi kuhifadhi maji, huongeza sana uwezekano wa ugonjwa huu. Si jeni hiyo pekee, lakini inatosha kumwondolea mama lawama za kijicho na za maziwa yake.

Hoja ninayoiona nzito zaidi dhidi ya matibabu ni hofu ya krimu za steroidi. Hofu hiyo ina msingi: krimu kali kama za klobetasoli, ambazo watu hujipaka ili wang'ae, hukondesha ngozi. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu mno kuliko hizo, na ikipakwa kwa wembamba, kwa siku chache, mahali palipovimba tu, kama alivyoelekeza daktari, ni dawa ya kumpunguzia mtoto mwasho apate usingizi. Na gharama isiwe kizuizi: Burundi imefuta malipo ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali tangu 2006. Foleni ipo, na dawa huenda isiwepo siku hiyo. Lakini mtoto akitoka usaha wa njano au akapata homa, apelekwe siku hiyo hiyo.