Je, Kupunguza Kipimo ni Huruma?

Hapa Ilagala, mahali mto Malagarasi unapokaribia ziwa Tanganyika, kila mtu alijua debe la mawese. Tuseme mama mmoja ameleta mafuta yasiyojaza debe, nasi kwa kumwonea huruma tukalikata debe lile mpaka mafuta yakafika ukingoni. Debe limejaa, naam. Lakini mafuta hayakuongezeka hata tone, na mnunuzi wa Kigoma hatadanganyika.

Nalilikumbuka debe hilo mwaka 2013. Mwezi wa Februari yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, na katika kila watahiniwa kumi karibu sita walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Serikali iliunda tume, na mwezi wa Mei matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya, hata baadhi ya walioanguka wakahesabiwa kuwa wamefaulu. Wako waliosema kwamba kipimo cha mwaka ule kiligeuzwa pasipo waalimu kujulishwa, na neno hilo lina haki yake, maana si adili kumpima mtu kwa kipimo asichoambiwa. Lakini baada ya kupanga upya, je, kijana aliyekuwa hajui kugawanya alijua?

Siwanyoshei wengine kidole, kwa kuwa mimi nami nimelikata debe. Zamani nalimfundisha hesabu kijana mmoja ambaye baba yake alikufa maji ziwani. Kila muhula nalimwongezea alama ili asivunjike moyo. Mama yake aliniletea migebuka miwili kwa shukrani, nami nikaila. Ulipofika mtihani wa taifa, aliyesahihisha hakuujua msiba wake, kijana akaanguka. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa adabu, kwa nini sikumwambia mapema.

Watu husema: Mkiinua kipimo, watoto wa maskini watabaki nje. Neno hili si la kupuuzwa. Mtoto wa kwetu huanza na Kiha au Kitongwe nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha aingiapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Huulizwa habari za joto na mwanga, akanyamaza, nasi twasema hana akili. Kumbe hakulielewa swali. Kumwinulia huyo kipimo na kumwacha vivyo hivyo ni ukatili. Lakini kumshushia kipimo ni kumwambia, kwa sauti ya upole, kwamba hatumtazamii kufika. Mimi naona dharau hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye huishukuru.

Basi kipimo kikipanda, mzigo wa kwanza na utuangukie sisi wakubwa. Mwalimu amfundishe lugha kabla ya kumdai elimu iliyomo, tena amrudie yule aliyechelewa, si yule wa mbele peke yake. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na madarasa yakajaa. Ni jambo jema sana. Lakini kumfungulia mgeni mlango si kumlisha. Nanyi wazazi, msikasirike nikisema: usiku wa giza, dagaa wanapofuata taa, wako wavulana wanaokesha mitumbwini, na asubuhi hulala juu ya daftari. Najua nyumba nyingine haina mvuvi mwingine ila huyo mtoto. Wa nyumba hiyo simlaumu. Nasema na wale walio na nafasi ya kuchagua.

Tangu kijana yule aniulize, naandika alama ya kila mwanafunzi kama ilivyo, na kando yake naandika siku nitakayomfundisha tena. Siku hizo zimekuwa nyingi kuliko jioni nilizo nazo.