Je, Mwalimu Asiyejua Neno Aweza Kulifundisha?

Watoto wetu wa Old Moshi wengi wamekua wakisikia Kichaga nyumbani, kisha hukutana na mashairi ya Kiswahili shuleni. Mashairi mengi yametungwa na watu wa pwani, nao hutaja tanga na ngalawa, kusi na kaskazi, mambo ambayo mtoto wa kihambani hajayaona. Tena lugha ya mashairi ya kale si ile tuifundishayo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita, na Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa Kiamu.

Siku moja nililisomea darasa langu beti za kale, likatokea neno "mato". Sikulijua. Kwa kuona haya nikasema, "Ni majani mapana ya mti." Watoto wakaandika. Mvulana mmoja akainua mkono, akasema, "Samahani, Mwalimu. Hapa pamesemwa kwamba mato yanatoka machozi. Je, majani hulia?" Wenziwe wakacheka. Nikamwamuru akae, anyamaze.

Usiku ule sikupata usingizi mwema, maana nilijua kwamba yeye amelisoma shairi, na mimi sikulisoma. Baadaye nikamwuliza mtu wa pwani, akanijibu: mato ni macho, kama vile nti ni nchi. Basi niliwaambia watoto wafute niliyowaandikisha, nikamwomba radhi mvulana yule mbele ya wenziwe.

Wako wasemao kwamba mwalimu akikiri kuwa hajui, heshima yake hupungua. Lakini heshima iliyojengwa juu ya uongo ni nyumba isiyo na msingi. Tena mwalimu asiyejua neno aweza kulifundisha, kama atakubali kulitafuta pamoja na watoto, kwa kuwa neno halikai peke yake. Lina jirani zake, nao hulishuhudia. Tazameni mistari hii niliyowatungia wanafunzi:

Ndwele haikuniacha, usiku hata mchana,
Tabibu kulipokucha, dawa akanipa tena.

Nilipouliza maana ya ndwele, mmoja alisema, "Ni mbu." Mwenziwe akamjibu kwamba mbu hawamkai mtu usiku na mchana. Wa pili akasema, "Ni njaa." Akaambiwa kwamba njaa haitibiwi kwa dawa, bali kwa chakula. Wa tatu akasema, "Ni ugonjwa," na jirani wote wa neno wakamkubali. Neno lililopatikana kwa jasho namna hii halisahauliki upesi. Ndivyo na sisi tulivyojifunza lugha ya mama zetu: hakuna aliyepewa kamusi mgongoni mwa mama yake.

Labda mtu atauliza, "Je, kukisia si kusema uongo?" La. Mwenye kukisia husema, "Nadhani hivi, kwa sababu hii," naye yu tayari kusahihishwa. Mwongo huficha kwamba hajui, kisha humnyamazisha aulizaye. Mimi siku ile sikukisia, nilidanganya.

Hata hivyo njia hii ina mipaka. Mshairi aweza kutaja ndwele naye anakusudia mapenzi. Tena jirani wa neno pengine ni wachache, wasitoshe kulishuhudia. Kwa hiyo, baada ya kukisia, na tufungue kamusi. Iko ya Johnson ya mwaka 1939, iko Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na nyingine zilizofuata. Na lisipokuwamo humo, tuwaulize wazee wa pwani.

Basi, walimu wenzangu, na ninyi wazazi, mtoto akiwauliza neno msilolijua, msione haya. Mwambieni, "Sijui, mwanangu, soma tena mstari ule, tutafute pamoja." Hapo atajifunza mambo mawili: maana ya neno, na ukweli wa mtu.