Nani Kakutuma?

Saa nane za usiku, mkesha wa maombi umepamba moto. Katika makanisa ya mabati yaliyotapakaa kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, mambo huenda kwa utaratibu uleule. Mwanamke aliyeletwa na dada zake anaanza kutetemeka, anaanguka, na kabla hajatulia sakafuni wahudumu wameshamfunika khanga miguuni asidhalilike. Mchungaji anamsogezea maiki. "We nani?" Sauti inayojibu ni nzito na ina kiburi: jini mahaba. "Mko wangapi humu?" Saba. "Mkubwa wenu nani?" Malkia, yuko ziwani. Halafu linakuja swali ambalo kusanyiko zima lilikuwa likilisubiri: "Nani kakutuma?"

Maswali hayo manne hayana uzito mmoja. Matatu ya kwanza yanahusu mapepo na vyeo vyao. La nne linahusu binadamu, na mara nyingi jibu lake ni mtu anayejulikana: mama mkwe, shangazi, kikongwe wa nyumba ya pili. Elimu ya mashetani, ya Kiyahudi na ya Kikristo, imekuwa ikiyauliza yale matatu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na madhara yake kwa watu hayakuwa makubwa. Swali la nne ndilo lililowasha mioto.

Wengi hudhani ngazi ya mashetani imeandikwa kwenye Biblia. Haimo. Waraka kwa Waefeso unataja falme, mamlaka na wakuu wa giza, lakini hausemi nani yuko juu ya nani, wala hautoi jina hata moja. Anayetaka majina aende Ethiopia. Huko ndiko Kitabu cha Henoko kilikohifadhiwa kizima, kwa lugha ya Ge'ez, wakati Ulaya ilikuwa imekipoteza, mpaka Mskoti James Bruce aliporudi na nakala mwaka 1773. Kanisa la Orthodox la Ethiopia linakihesabu kuwa sehemu ya Maandiko hadi leo. Ndani yake malaika 200 wanashuka juu ya Mlima Hermoni kwa kuwatamani binti za watu. Mkubwa wao ni Shemihaza, na chini yake wapo viongozi, kila mmoja na kumi wake. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa zaidi: ni balozi wa nyumba kumi, ila kwa upande wa giza. Mmoja wao, Azazeli, anawafundisha wanaume kufua panga na wanawake kujipaka wanja, na kwa hilo anafungwa gizani jangwani.

Kitabu cha Yubilei, nacho kilichosalimika kizima Ethiopia, kinaongeza jambo la kuchekesha kidogo. Nuhu analalamika kwamba mapepo yanawasumbua wajukuu zake. Mungu anaamuru yafungwe yote. Mkuu wao, Mastema, anaomba aachiwe baadhi ya kufanyia kazi, na anakubaliwa sehemu moja ya kumi. Hata kuzimu kuna zaka.

Lakini kisa kinachoukaribia zaidi mkesha wa Mwanza ni cha Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki. Sara ameolewa mara saba, na kila mume amekufa usiku wa harusi. Anayewaua ni pepo Asmodeo, anayempenda Sara na hataki mwanamume mwingine amguse. Kwa lugha ya mikesha, huyo ni jini mahaba aliyekamilika. Mume wa nane, Tobia, amevua samaki katika mto Tigri akiwa njiani na malaika Rafaeli, na kwa maelekezo ya malaika ametunza moyo na ini. Chumbani anaviweka juu ya makaa ya ubani. Moshi unapanda, na Asmodeo anatimua mbio hadi Misri ya juu, anakokamatwa na kufungwa pingu. Aliyewahi kupita soko la Mwaloni, Kirumba, jua la mchana likiwaka juu ya magunia ya dagaa, hatashangaa sana.

Kuna jambo katika kisa hicho linalopitwa haraka. Kabla Tobia hajafika, mjakazi wa nyumba ya baba yake Sara amekwisha kumnyooshea Sara kidole: wewe ndiwe unayewaua waume zako. Sara anapanda orofani akiwaza kujinyonga. Mwandishi wa Tobiti yuko upande wake tangu mwanzo, na tuhuma ya mjakazi inaonekana ilivyo, yaani maneno ya ukatili kwa mtu aliyekwisha kuumizwa. Asmodeo anafukuzwa bila yeyote kumuuliza katumwa na nani.

Marabi wa Talmudi walimpandisha cheo Asmodeo huyohuyo. Kwao anaitwa Ashmedai, mfalme wa mashetani, ambaye kila siku hupanda mbinguni kuhudhuria darasa la Torati, kisha hushuka kusoma duniani. Mfalme Sulemani alimnasa kwa kumjazia divai katika kisima chake cha maji. Ni mkorofi na mwerevu, lakini si mpinzani wa Mungu. Ni mtumishi mwenye tabia mbaya.

Injili ya Marko ina kisa cha ziwani pia. Mtu wa makaburini, anayekata minyororo, anakutana na Yesu ng'ambo ya Ziwa la Galilaya. Swali ni moja tu: jina lako nani? Jibu ni Legioni, kwa kuwa ni wengi. Nguruwe wapatao 2,000 wanaporomoka ziwani, na mtu yule anaonekana ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Mchungaji yeyote anayesema anafuata mfano wa Yesu angefaa kukisoma kisa hicho polepole. Hakuna shangazi aliyetajwa. Hasara iliyopatikana ni mifugo, na wenyeji waliogopa kiasi cha kumwomba mgeni aondoke.

Vyeo vya juu kuzimu vilijazwaje? Mara nyingi kwa miungu ya majirani. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, Mfalme Ahazia anaanguka kutoka ghorofani na kutuma watu wakaulize kwa Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, mji wa Wafilisti. Kufikia Injili, jina hilo limekuwa la mkuu wa pepo, Beelzebuli. Mungu wa mji mmoja ameshindwa, amehamishwa, amepewa uongozi wa giza.

Jambo hilohilo limetokea kwenye Ziwa Victoria. Baganda walikuwa na Mukasa, mwenye ziwa, ambaye hekalu lake lilikuwa kisiwani Bubembe, katika visiwa vya Ssese. Wahaya wa Bukoba walikuwa na Mugasha, mwenye maji na dhoruba, akiwa chini ya Wamara aliye mkuu wa wote, pamoja na Irungu mwenye pori. Ilikuwa serikali kamili, kila mmoja na wizara yake, na wavuvi walijua wa kumpelekea sadaka kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Desemba 1879 kasisi wa Mukasa alipokaribishwa katika ikulu ya Kabaka Mutesa, mmisionari Alexander Mackay alisimama kumpinga kwa nguvu zake zote. Katika mahubiri mengi yaliyofuata, wenye ziwa wa zamani waliorodheshwa pamoja na Beelzebuli. Malkia wa ziwani anayetajwa leo katika mikesha ana damu ya mchanganyiko: kidogo ya hao wazee, kidogo ya majini ya pwani, na kidogo ya simulizi za kuzimu zilizotoka Nigeria, hasa kitabu cha Emmanuel Eni cha mwaka 1987.

Hadi hapo hakuna tatizo kubwa. Mtu aliyefikwa na mabaya anataka kujua yametoka wapi, na ngazi ya mashetani humpa pa kuyaelekeza. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikubali kwamba mashetani wana wakubwa na wadogo, akaongeza kwamba hawaungani kwa upendo bali kwa kushirikiana uovu. Alieleza kwa utulivu, bila kumwita mtu mahakamani.

Mambo yaliharibika pale waliopanga vyeo vya kuzimu walipoanza kutafuta mawakala wao duniani. Peter Binsfeld, askofu msaidizi wa Trier nchini Ujerumani, ndiye anayehesabiwa kuwa aliwagawia wakuu saba dhambi saba: Lusifa kiburi, Mamona uchoyo, Asmodeo uasherati, na kuendelea. Ilikuwa mwaka 1589. Mwaka huohuo alichapisha hoja zake kwamba wachawi waliokiri wakiwataja wenzao, waaminiwe. Kukiri kwenyewe kulipatikana kwa mateso. Mamia ya watu walichomwa moto katika eneo la Trier miaka hiyo.

Aix-en-Provence, Ufaransa, ilikuwa vivyo hivyo. Sébastien Michaelis, Mdominiko, aliwahoji mashetani waliodaiwa kusema kwa vinywa vya watawa, na kutokana na mahojiano hayo ikapatikana orodha ya vyeo vya kuzimu yenye tabaka tatu. Mahojiano hayohayo yalitoa pia jina la padri, Louis Gaufridy, kwamba ndiye aliyewatuma. Gaufridy alichomwa moto tarehe 30 Aprili 1611. Mashahidi wakuu walikuwa mashetani, ambao kila Mkristo hufundishwa kuwa ni waongo.

Daktari mmoja alikuwa ameliona hilo mapema. Johann Weyer, tabibu wa Duke wa Kleve, aliandika mwaka 1563 kwamba wanawake wengi wazee wanaoshtakiwa uchawi ni wagonjwa wanaohitaji tiba, na shetani hahitaji bibi kizee ili afanye kazi yake. Mwaka 1577 akaambatisha orodha ya mashetani wenye vyeo vya wafalme, wakuu na makabaila, kila mmoja na majeshi yake, ili watu waone upuuzi wa waganga waliodai kuwaamrisha. Wengine waliichukua orodha kama mwongozo wa kazi. Kejeli ina hatari zake.

Weyer angeielewa Usukuma. Wasukuma walikuwa na masamva, roho za wahenga, wanaokasirika wakisahauliwa, na kwa hao dawa ni kuwakumbuka. Walikuwa pia na balogi, wachawi, na hao ni watu wenye nyumba na majina. Kwa miongo kadhaa sasa, vikongwe katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wamekuwa wakikatwa mapanga usiku kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu huo unatokana na miaka mingi ya kupika kwa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wa Meatu ulioonyesha kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka karibu maradufu, huku mauaji mengine yakibaki kama kawaida. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu. Mvua ilipokataa, mwenye mdomo wa kulishwa alitafutiwa kosa.

Si haki kuutwisha mkesha wa maombi mzigo wote huo. Waganga wa kienyeji walitaja majina muda mrefu kabla ya spika kufika vijijini, na wachungaji wengi hawatamki jina la mtu hata siku moja. Kanisa Katoliki nalo, katika kanuni ya 1172 ya sheria zake za mwaka 1983, halimruhusu padri kumpunga mtu pepo bila ruhusa ya wazi ya askofu. Hata hivyo, pepo anapoulizwa nani kamtuma mbele ya watu mia tatu, na jibu likasikika kwa maiki, jina hilo linaondoka na watu hao alfajiri na kupanda nao daladala.

Basi wachungaji na wahudumu wa maombi, bakini kwenye swali la Yesu. Muulizeni pepo jina lake, mkemeeni, mwombeeni mama wa watu, kisha mwacheni apumzike. Nanyi dada mliomleta, mkisikia swali la nne linaanza, ombeni maiki izimwe; na kesho yake asubuhi mpelekeni Hospitali ya Bugando, akaonwe na madaktari wa magonjwa ya akili.