Rangi ya Ua na Wajibu wa Mtazamaji

Joy Adamson, ambaye wengi humkumbuka kwa simba wake Elsa, alisifika kwanza kwa maua. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na mwanabotania Peter Bally, akaanza kuchora mimea ya nchi hii kwa rangi za maji. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kikamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Michoro ya aina hiyo hutakiwa iwe ushahidi: shina, jani na ua juu ya karatasi tupu. Hata hivyo humtia mtazamaji furaha au simanzi. Swali linalozuka ni la kimaadili: je, ni haki kulibebesha ua huzuni ambayo lenyewe halina?

Uhakiki wa darasani hujibu upesi mno: nyeupe ni usafi, nyekundu ni hatari, basi. Kiswahili chenyewe kinalikataa jibu hilo. Ukiondoa -eupe, -eusi na -ekundu, rangi zake nyingi zimeazimwa kwenye vitu: kijani kwenye majani, kijivu kwenye majivu, manjano kwenye kiungo cha mchuzi, zambarau kwenye tunda. Rangi haitajwi bila kuja na jiko au shamba lake.

Na hizo tatu je? Na uchukuliwe mchoro wa asumini, uwekwe mbele ya mtazamaji wa Mkwiro, kijiji cha upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, Kwale. Kwa desturi ya rangi za maji, weupe haupakwi. Ni karatasi iliyoachwa. Mtazamaji huyo anaujua weupe wa asumini ya bi harusi, na anaujua weupe wa sanda. Harufu, ambayo kwa watu wa pwani ni nusu ya ua, haimo. Wala hazimo nywele wala kitanda. Mchoraji amewaondoa majirani wote wa ua, akamwachia mtazamaji aamue kama hapa pana harusi au matanga. Huzuni hiyo basi imeletwa na mtazamaji, naye ndiye wa kuitolea hesabu. Mhakiki anayeitangaza kuwa maana ya rangi anaukwepa wajibu wake mwenyewe.

Tone moja la hudhurungi, hata hivyo, hubadili kesi. Asumini hufunguka jioni, na kufikia kesho yake kingo zimeanza kunyauka. Mchoraji akiupitishia ukingo wa petali rangi hiyo, hata iwe nyepesi namna gani, ametaja saa: asubuhi, baada ya sherehe. Hapo hisia ni yake, na ushahidi pia ni wake, kwa kuwa ndivyo ua lilivyokuwa mezani pake.