Nota Moja, Vijiti Viwili

Jana niliunganisha tarumbeta ya kwanza na ya pili kwenye mistari ileile mitano, ili karatasi za usharika zitoshe. Katika MuseScore, programu ya kuandikia nota, vijiti vya sauti ya kwanza huelekea juu, vya pili chini. Sauti hizo zikikutana kwenye nota moja, kichwa huwa kimoja, vijiti viwili.

Nilikitazama kichwa kile kwa muda mrefu. Je, anayeungana na mwenzake humezwa? Nakataa. Pumzi ni mbili, na mmoja akishuka kidogo tu, sikio linajua.

Kijana wa tarumbeta ya pili aliinamia karatasi. “Mwalimu, mimi nimebaki wapi?”

“Hiki cha chini ni chako, mwanangu. Hata ukinyamaza peke yako, alama ya kimya chako imeandikwa.”