Aliuliza Tarehe, Hakuuliza Abiria

Jirani yangu wa Mkomani, hapa Nyali, ni karani mstaafu wa bandari. Ana daftari la jalada gumu ambalo kila ukurasa wake ni siku moja ya mwaka, na humo huandika yaliyotokea siku hiyo, karne kwa karne. Mengi tunayoyajua mtaani kuhusu mji huu tumeyapata kwake barazani, baada ya alasiri, kahawa ikipita. Namheshimu, na kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa yake.

Ukurasa uliomponza ni wa Aprili 7.

Mstari wa kwanza ni wa mwaka 1498. Siku hiyo, Jumamosi, merikebu tatu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya mlango wa Mombasa, katika maji ambayo mtu akisimama ufukweni Nyali anayaona wazi. Hakuingia bandarini. Usiku wa manane kikaja chombo chenye watu wapatao mia wenye silaha, naye akawaruhusu wakubwa wachache tu kupanda. Kesho yake, ambayo kwa Wakristo ilikuwa Jumapili ya Matawi, Mfalme wa Mombasa akampelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Zawadi zilipokewa, lakini hakuna aliyemwamini mwenziwe. Habari za Msumbiji, ambako Wareno walikuwa wamepiga mizinga, zilikuwa zimewatangulia. Siku tatu tangu wafike, merikebu zilipojaribu kuingia ziligongana, na marubani waliotoka nao Msumbiji wakajitosa majini. Usiku ule Gama aliwadondoshea mateka wawili mafuta ya moto ngozini hadi wakakiri njama. Aprili 13 akang'oa nanga kwenda Malindi. Miaka saba baadaye, Agosti 1505, Francisco de Almeida akaja na jeshi akauteka mji na kuuchoma.

Mstari wa pili ni wa 1972. Jioni ya Ijumaa, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi akicheza bao makao makuu ya chama chake, Kisiwandui. Wa tatu ni wa 1994. Ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana kutoka mkutanoni Dar es Salaam ilikuwa imetunguliwa Kigali usiku wa Aprili 6, na ilipopambazuka tarehe 7 mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa asubuhi hiyo.

Mzee aliitazama mistari ile mitatu akaona mkono mmoja umeiandika. "Siku hii ina damu," akasema. Na hapo ndipo elimu yake ilipogeuka hofu, kwa sababu arusi ya mpwa wake ilikuwa imepangwa Aprili 7.

Mwanamume alikuwa wa Wasini. Jamaa wa bibi arusi wangetoka Nyali, wavuke feri ya Likoni, washike njia ya kusini mpaka Shimoni, kisha wapande mashua kuvuka mlango wa bahari hadi kisiwani. Mashua tatu zilikuwa zimekodiwa. Mzee alipotaka arusi isogezwe siku moja mbele, msichana alimwendea mwenyewe.

"Shikamoo mjomba. Mashua zimeshalipwa."

"Marahaba mwanangu. Mashua hulipwa tena. Roho hailipwi."

Nani ambishie mjomba kwa maneno kama hayo? Arusi ikasogezwa. Lakini mashua mbili kati ya zile tatu zilikuwa zimeahidiwa watalii tarehe 8, na mwenye mashua hakutaka kuvunja ahadi. Ikabaki moja. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kusi lilikuwa limeanza kuinua maji. Watu wa mashua tatu wakajipanga ndani ya mashua moja, wakinamama mbele na masanduku, vijana wamekaa ukingoni, jaketi za kuokolea zikiwa chache kuliko watoto. Hakuna aliyehesabu. Mzee aliketi karibu na injini, uso umekunjuka, akimshukuru Mungu kwa sauti kwamba ile siku mbaya imekwisha pita.

Katikati ya mlango wimbi la ubavuni liliingia, kisha la pili. Nahodha akapunguza mwendo, akapaza sauti watu wasiinuke, nao wakainuka. Mabaharia wakafua maji kwa ndoo na sufuria za mapishi ya arusi. Masanduku ya bibi arusi yalitoswa yote, na mavazi aliyoshonewa mwaka mzima. Kama si mashua ya wavuvi iliyokuwa ikirudi na kuwapunguzia watu, ningekuwa naandika habari nyingine. Walifika wote, wameloa, watoto wanatapika, na mama wa bibi arusi hawezi kusema.

Mimi sina ugomvi na daftari. Mji usioandika yake utaandikiwa na wengine. Ila ukurasa ule wa Aprili 7 ulikuwa na kasoro ambazo mzee angeziona kama asingekuwa anaogopa.

Kwanza, siku zile tatu hazikuwa siku moja. Gama alihesabu kwa kalenda ya zamani ya Kirumi, ambayo Papa Gregori wa 13 aliirekebisha mwaka 1582 kwa kuruka siku kumi, Oktoba 4 ikafuatwa na Oktoba 15. Wakati wa Gama tofauti ilikuwa bado siku tisa, kwa hiyo kwa hesabu tunayotumia leo merikebu zile zilifika Aprili 16. Na watu waliokuwa Mombasa hawakuijua Aprili hata kidogo. Kwao ilikuwa katikati ya Shaabani mwaka 903 wa Hijria. Karume aliuawa Mfungo Tano wa 1392. Rwanda iliwaka mwishoni mwa Mfungo Mosi wa 1414. Kwa hesabu ya mwezi ambayo mzee mwenyewe hufungia na kufungulia saumu, mambo hayo hayana hata mwezi mmoja wa kuyakutanisha.

Pili, aliacha mstari. Aprili 7, 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, na ndiyo maana Siku ya Afya huadhimishwa tarehe hiyo. Shirika hilo ndilo lililoongoza kampeni iliyoifuta ndui, na mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Ni maisha mangapi hayo! Hayakuingia daftarini kwa kuwa hayakufanana na damu.

Tatu, zipo siku ambazo hukutana kwa sababu watu wamezichagua. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, ikawa jamhuri Desemba 12, 1964, na haikuwa bahati. Almeida aliushambulia mji katika siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Mwaka 1631, katika siku za sikukuu hiyo hiyo, Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia Ngome ya Yesu na kumuua kamanda wake. Tukio la namna hii ukiliuliza litakujibu, kwa kuwa nyuma yake yupo mtu aliyepanga. Zanzibar ya 1972 nayo hujibu: miaka minane tangu Mapinduzi bila uchaguzi, na vinyongo vilivyojazana vizuizini. Rwanda hujibu kwa sauti ya redio RTLM, iliyokuwa imepanda chuki tangu 1993. Tarehe yenyewe haina la kukuambia.

Wazee wetu walitazamia siku, ndiyo. Lakini manahodha waliohesabu miongo tangu Nairuzi walihesabu ili wajue upepo: kaskazi linakwisha lini, kusi linaingia lini, bahari inafungwa lini. Gama alifika kwetu Aprili, akapata rubani Malindi, akaondoka Aprili 24, na kusi likamfikisha Calicut Mei 20. Aliporudi hakuungoja msimu. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi halijatulia, na bahari ile ile aliyoivuka kwa takriban wiki nne ilimchukua karibu miezi mitatu. Watu wake wapatao thelathini walikufa kwa kiseyeye, na kwa kukosa mabaharia akaichoma merikebu ya São Rafael kusini ya Mombasa. Huo ndio ukurasa ambao mzee alipaswa kuusoma kabla ya arusi.

Na ulikuwapo ukurasa wa karibu zaidi. Njiani kwenda Shimoni, msafara ule ulipovuka Likoni, Mtongwe haikuwa mbali. Hapo, asubuhi ya Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka mita chache kutoka nchi kavu, imejaa watu wanaokwenda kazini. Ilikuwa ya kubeba 300 ikachukua takriban 400, na waliokufa ni 272. Mei 21, 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, imezidiwa. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ikazama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imezidiwa. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka ikikaribia gati la Ukara. Ilitengenezwa kwa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Tarehe hizo hazikutani popote katika daftari lolote la siku za mwaka. Lakini hao ndio ndugu wa damu. Sababu iliyowaua ni moja, na ni ile ile iliyopanda mashua pale Shimoni mbele ya macho ya mzee, akiwa anaangalia kalenda.

Nilimwambia hayo barazani, kwa adabu niliyoweza. Hakukasirika. Aliuliza tu MV Nyerere ilikuwa ya watu wangapi, akarudia hesabu ile mara mbili.

Fungate ilipokwisha alikwenda Wasini kumchukua mpwa wake aje kumwona mamake. Jetini mashua ilikuwa tayari, injini inanguruma, watu wamekwisha kaa. Msichana alimuuliza nahodha chombo hiki ni cha watu wangapi.

"Ishirini, dada."

Akahesabu vichwa kwa kidole, bila haya, mbele ya wakwe zake. Ishirini na watatu. Mzee akainuka kabla ya kuambiwa, akateremka, na vijana wawili wakamfuata shingo upande. Mmoja alinung'unika kwamba jua linakuchwa na matatu ya mwisho ya Likoni itawaacha.

"Ikituacha tutalala Shimoni," mzee akamjibu. "Kaa kitako, mwanangu. Mashua inarudi."