Kabla ya Rambirambi

Kifo kikitokea Ifakara, majirani hawangoji kuombwa. Daftari la michango linafunguliwa, turubai linafungwa, akina mama wanapeana zamu za jikoni, vijana wanachimba kaburi bila ujira. Lakini mama aliyekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mara nyingi nauli anahangaikia na wanawe tu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko itampa rufaa, na safari kwa kawaida ni ya taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Hata tiba ikiwa bure, kula na kulala mjini si bure, na mpunga aliouacha shambani haumsubiri. Daraja la Kilombero, lililofunguliwa 2018, limewaondolea watu wa wilaya za Ulanga na Malinyi adha ya kivuko. Nauli halikuwaondolea.

Je, kumsindikiza mgonjwa wa namna hii ni hisani ya mwenye moyo, au ni wajibu wa wote? Dini zetu mbili zinaelekea kwenye jibu la pili. Uislamu unakuhesabu kumzuru mgonjwa kuwa haki yake juu ya Mwislamu mwenzake, na wapo wanazuoni walioiona ni faradhi ya kifaya, kama ilivyo sala ya jeneza: wasipoitekeleza hata wachache, dhambi ni ya wote. Kwa Wakristo, Mathayo 25 inamtaja mgonjwa, haitaji maziko. Kuzika wafu kuliongezwa baadaye katika orodha ya matendo ya huruma, kwa kufuata kitabu cha Tobiti. Sisi tumelishika lililoongezwa kuliko lililotangulia.

Atasema mtu kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Mashine na dawa, naam; hata chanjo ya wasichana dhidi ya kirusi kinacholeta saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima 2018. Ila serikali haiwezi kumpalilia mgonjwa shamba lake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba msiba una siku zake, ugonjwa hauna kikomo, na mkulima hawezi kuchangia kila mwezi. Ni kweli, na ndiyo sababu mzigo huu hauwezi kuachiwa nyumba moja. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki, misikiti na vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA tayari vina watu, mara nyingine na mfuko. Kinachokosekana ni zamu. Tena si fedha tu: aliyerudishwa nyumbani kwa kuwa tiba imeshindikana anahitaji mtu wa kumfuatilia mofini ya maji, dawa ya maumivu, hospitalini, na wa kumwosha kidonda pale harufu inapoanza kupunguza wageni. Kazi hiyo haimalizi akiba ya mtu, na haiwezi kungoja daftari la msiba.